Maswali ya Wasomaji: Picha za Wateja, Daftari la Langoni na Faili za Wagonjwa

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo Bunge la Kenya liliipitisha ili haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba ipate njia ya kutekelezwa. Barua zilizofika zimetoka hasa kwa watu wa aina tatu: wenye biashara, wenye nyumba za kupangisha, na wenye zahanati na kliniki. Karibu kila mmoja anaanza kwa kusema kwamba yeye ni mtu mdogo na kwamba sheria kama hii iliandikiwa benki na kampuni za simu. Walioandika kanuni zake mwaka 2021 hawakuwaza hivyo, kama itakavyoonekana katika jibu la kwanza. Nimezifupisha barua na kuondoa majina.

Nina mkahawa mjini Nakuru wenye wafanyakazi sita. Kila Ijumaa kijana wangu huwapiga picha wateja wakila na kucheza, kisha huziweka kwenye kurasa zetu za mitandao. Sasa mteja mmoja ameandika akitaka picha yake iondolewe na alipwe fidia. Mlangoni tumebandika tangazo kwamba picha hupigwa, na mkahawa ni mahali pa watu wote. Je, ana haki? Na biashara ndogo kama hii inahitaji kusajiliwa? — Mama Mkahawa, Nakuru

Mama, kwanza mwambie kijana aiondoe picha hiyo leo, kisha turudi kwenye maswali yako.

Uso wa mtu unamtambulisha, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu ni data yake ya kibinafsi. Kwamba alikuwa mahali panapoingia kila mtu hakubadilishi jambo hilo. Tangazo la mlangoni nalo halikusaidii kwa kiasi unachodhani, kwa sababu ridhaa inayotambuliwa na sheria ni ile inayotolewa kwa hiari, kwa uwazi, kwa jambo mahususi, na mtu aliyeelezwa anachokikubali. Tena kifungu cha 32 cha Sheria hiyo kinamtwika mkusanyaji wa data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa hiyo ilikuwapo. Mtu aliyepita chini ya karatasi iliyobandikwa juu ya mlango, jioni, akiwa na njaa, amekubali kula. Hajakubali kuitangaza biashara yako. Na kwa kuwa picha zenyewe ni za kuvutia wateja, unaingia pia katika kifungu cha 37, kinachozuia kutumia data ya mtu kwa faida ya kibiashara bila ridhaa yake ya wazi au bila idhini ya sheria nyingine.

Jambo hili limekwisha kuamuliwa. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini tatu kwa mpigo, na mmoja wa waliotozwa ulikuwa ukumbi wa burudani wa Nairobi, Casa Vera Lounge, uliotakiwa kulipa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Siku hiyo hiyo Roma School ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Nakusihi uitazame tofauti ya kiasi hicho, maana watoto huja mkahawani wakifuatana na wazazi wao, na kifungu cha 33 hakitambui ridhaa ya mtoto mwenyewe. Ni lazima itoke kwa mzazi au mlezi. Kwa jumla, adhabu ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5, au, kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachotumika ni kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kuhusu fidia, kifungu cha 65 kinampa haki ya kuidai mtu yeyote aliyepata madhara, na madhara hayo si ya fedha pekee. Fadhaa nayo inahesabiwa. Mteja wako huenda alimwambia mwajiri wake kwamba anaumwa, au huenda alikaa na mtu ambaye hakutaka aonekane naye. Hayo hayakuhusu, wala halazimiki kukueleza. Mwandikie kwa adabu kwamba picha imeondolewa, taja siku na saa ilipoondolewa, na mwombe radhi. Malalamiko mengi ya namna hii hufika kwa Kamishna kwa sababu mlalamikaji alipuuzwa, na ombi la kufutiwa data lina muda wake katika kanuni: siku 14.

Je, basi picha zikome? La. Kijana wako aende mezani, ajitambulishe, aseme picha itawekwa wapi na kwa sababu gani, na amwonyeshe mteja picha hiyo kabla ya kuiweka. Jibu lihifadhiwe mahali linapoweza kupatikana baadaye, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu wenye maneno “nimekubali.” Kisha atazame nyuma ya picha, mahali ambapo wengi hujikwaa: meza ya pili kuna watu ambao hawakuulizwa. Wateja wakijipiga picha wenyewe kwa kumbukumbu zao za kifamilia, hilo ni jambo lao binafsi na sheria imeliacha nje. Ila ukizichukua picha zao ukaziweka kwenye ukurasa wa mkahawa, zimekuwa zako na lawama yake ni yako.

Sasa usajili kwa Kamishna. Ni kweli kwamba kanuni za mwaka 2021 zimewasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, masharti ambayo ni lazima yatimizwe yote mawili kwa pamoja. Lakini ipo orodha ya shughuli zisizopata msamaha huo hata ziwe ndogo namna gani, na ndani ya orodha hiyo mna biashara za ukarimu, yaani hoteli, mikahawa na mfano wake. Mna usimamizi wa majengo pamoja na uuzaji wa ardhi. Mna utoaji wa huduma za afya. Mna shule, huduma za fedha, usafiri, matangazo yanayotumwa kwa mteja moja kwa moja, na hata uendeshaji wa kamera za usalama. Hivyo unatakiwa kujisajili. Ada kwa wadogo ni shilingi 4,000, cheti hudumu miezi 24, na kukihuisha ni shilingi 2,000. Nimewaona watu wakitumia zaidi ya hapo kumlipa mtu wa kuwaambia kwamba hawahitaji cheti.

Nauza vifaa vya ujenzi. Mteja akilipa kwa simu, namba yake hubaki kwangu, nami huzitumia namba hizo kutuma arafa za bei mpya. Wengine wananiuliza kwa nini. Pia kuna wenye madeni yangu wasiopokea simu. Je, naweza kuwaandikia ndugu zao? — Fundi wa Kale, Eldoret

Namba uliyopewa ili upokee malipo ilitolewa kwa kazi hiyo, na kazi hiyo imekwisha mara malipo yalipoingia. Ukitaka kuitumia kwa matangazo, mwambie mteja hapo hapo kaunta, apate nafasi ya kukataa, na kila arafa iwe na njia rahisi, isiyo na gharama, ya kujiondoa. Mtu akishasema hataki, jina lake litoke siku hiyo. Wengi watakubali wakiulizwa, kwa sababu bei ya saruji na mabati ni habari wanayoitaka.

Kuhusu ndugu wa wadaiwa, jibu ni la. Faini ya tatu kati ya zile za Septemba 2023, shilingi 2,975,000, iliwaangukia Mulla Pride, wenye programu za mikopo ya simu, kwa kutumia namba walizozipata kwa watu wengine na kuwatumia wahusika vitisho. Shemeji wa mdaiwa wako hakukukopa. Kumweleza habari za deni ni kutoa data ya mtu mmoja kwa mwingine asiyehusika, na kuitumia namba yake, ambayo hakukupa, ni kosa la pili. Mwandikie mdaiwa mwenyewe, kisha nenda mahakama ya madai madogo.

Assalamu alaikum. Nina nyumba za kupangisha 24 hapa Mombasa. Langoni mlinzi huandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya kila mgeni. Nina kamera nane. Mwisho wa mwezi msimamizi hubandika langoni orodha ya wasiolipa kodi pamoja na kiasi wanachodaiwa, na orodha hiyo hutumwa pia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Mpangaji mmoja amenitishia kunishtaki. Nyumba ni yangu na deni ni la kweli. Nimekosea wapi? — Mzee Mwenye Nyumba

Wa alaikumu salaam, Mzee wangu. Nitaanza na orodha, kwa kuwa ndiyo itakayokupeleka pabaya mapema zaidi.

Ukweli wa deni si utetezi hapa. Sheria haiulizi kama habari ni ya kweli. Inauliza kama ulikuwa na haki ya kuifikisha kwa wale uliowafikishia. Unaihifadhi data ya mpangaji kwa sababu kuna mkataba kati yenu, na mkataba huo unakuruhusu kumdai, kumwandikia ilani, kumpelekea wakili wako hesabu na kwenda kwenye baraza linaloamua migogoro ya kodi ya nyumba. Mpangaji wa chumba cha juu, muuza maji na watoto wanaotoka shule hawamo katika mkataba huo. Orodha inatundikwa langoni ili mtu aone haya, na kumtia mtu haya si miongoni mwa sababu ambazo kifungu cha 30 kinazitaja kuwa msingi halali wa kutumia data. Iondoe orodha, iondoe pia kwenye kundi, na kila mdaiwa apate barua yake peke yake. Msimamizi akisema alifanya kwa hiari yake, jibu la sheria litakuwa kwamba anakufanyia kazi wewe.

Daftari la langoni ni habari nyingine, na nakiri kwamba linanikera binafsi. Juzi nilikwenda kumtembelea rafiki katika jengo moja ambalo sitalitaja. Mlinzi alinisukumia daftari lililofunguliwa, kalamu ikining’inia kwa uzi, na kabla sijaandika herufi moja nilikuwa nimekwisha kusoma majina, namba za vitambulisho na namba za simu za watu kumi na watatu walionitangulia, pamoja na vyumba walivyokwenda. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyeandika jina lake lote na namba yake kwa mwandiko mzuri sana. Mlinzi anazo namba hizo usiku kucha, na kila mgeni anayefuata anaweza kuzinakili.

Kujua nani ameingia katika jengo lako ni haja halali, hakuna anayeipinga. Ila data inayokusanywa inatakiwa iwe ile tu inayohitajika kwa haja hiyo. Jina, chumba anachokwenda na saa ya kuingia vinatosha kwa nyumba nyingi. Mlinzi anaweza kukitazama kitambulisho na kukirudisha bila kunakili namba. Ukiona lazima namba ya simu iwepo, tumia karatasi moja kwa kila mgeni, itumbukizwe katika kisanduku kilichofungwa, au mlinzi aandike mwenyewe huku daftari likimtazama yeye. Kisha amua daftari litahifadhiwa muda gani. Miezi mitatu? Sita? Sheria haikukutajia idadi ya siku, bali inakutaka usihifadhi zaidi ya haja, nawe uwe na jibu utakapoulizwa. Madaftari ya miaka minane iliyopita yaliyorundikwa chini ya ngazi hayana jibu.

Kamera nane zinakubalika mradi ziangalie lango, ngazi na maegesho, na pawe na kibao kinachosema kwamba kuna kamera, ni za nani na za kazi gani. Kamera inayoutazama mlango wa mpangaji mmoja hivi kwamba kila anayemtembelea anaonekana ni vigumu sana kuitetea. Kumbuka pia nilivyomweleza mama wa Nakuru: usimamizi wa majengo na kamera za usalama vyote viwili vimo katika orodha ya wasiosamehewa usajili, basi wewe umeguswa mara mbili.

Mimi ni wakala wa majengo. Mteja wangu anataka wapangaji wafungue lango kwa alama za vidole, na asiyetaka ahame. Je, inawezekana? — Wakala, Kiambu

Alama ya kidole ni data nyeti, na ikivuja haibadilishwi kama ufunguo. Kabla ya kuweka mtambo wa aina hiyo mteja wako anapaswa kufanya tathmini ya athari, yaani kupima mapema jinsi mtambo huo unavyoweza kuwadhuru wenye data, inayotajwa katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, na ajiulize kwa uaminifu kama kadi ya kawaida haiwezi kufanya kazi ile ile. Kuhusu “asiyetaka ahame,” ridhaa inayotolewa chini ya tishio la kuhama haina hiari ndani yake.

Mahakama Kuu ilikwisha kulizungumzia suala la ridhaa ya namna hii Mei 5, 2025, katika kesi iliyofunguliwa na Taasisi ya Katiba dhidi ya Worldcoin, mradi uliowapiga Wakenya picha za mboni za macho mwaka 2023 kwa kuwaahidi sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Jaji Roselyne Aburili aliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna, na miongoni mwa sababu ni kwamba tathmini ya athari haikufanywa ipasavyo na kwamba ridhaa ilipatikana kwa kishawishi. Ikiwa zawadi iliitia dosari ridhaa, tishio la kumtoa mtu nyumbani kwake sioni litakavyosalimika. Mwache kila mpangaji achague kati ya kidole na kadi.

Ninaendesha kliniki yenye maafisa tiba wawili na muuguzi mmoja. Tuko katika kundi la WhatsApp la wahudumu wa afya ambamo tunatumiana picha za eksirei, majibu ya maabara na vidonda ili kushauriana. Limeokoa maisha. Je, tuliache? Vilevile waajiri hutupigia simu kuuliza mfanyakazi wao anaumwa nini hasa. — Daktari wa Mashinani, Kakamega

Daktari, naamini kabisa kwamba limeokoa maisha, na sitakuambia mliache. Nitakuomba uifungue picha ya mwisho iliyotumwa humo uitazame pembeni. Filamu ya eksirei ina jina la mgonjwa na umri wake kwenye kona; karatasi ya maabara ina jina, namba na tarehe juu; picha ya kidonda wakati mwingine ina uso, au chale, au kitambaa ambacho kijiji kizima kinakijua. Kifungu cha 46 kinataka data ya afya ishughulikiwe na mtoa huduma za afya, au chini ya wajibu wake, au na mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Katika kundi la watu mia moja na hamsini, je, unawajua wote? Yule aliyeacha uuguzi akaenda kuuza bima bado yumo? Na simu ya kila mmoja wao, ambayo huhifadhi picha hizo zenyewe kati ya picha za harusi, mtoto wake anaichezea?

Kwa hiyo kundi libaki, lakini kinachoingia humo kisimtambulishe mtu. Funika jina kwa karatasi kabla ya kupiga picha, usilifute baadaye kwa kuchora juu yake, maana mikono hukimbia kuliko kumbukumbu. Andika “mwanamume, miaka hamsini na kitu,” usiandike kijiji. Mgonjwa aambiwe kwamba mtaomba ushauri kwa wenzenu; sijaona mgonjwa mwenye maumivu anayelikataa hilo akiombwa kwa heshima. Jambo likihitaji jina, kwa mfano unapompa mgonjwa rufaa, mpigie simu daktari mmoja anayempokea.

Waajiri ni rahisi zaidi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 11, inaiweka siri habari yoyote ya mgonjwa, ikiwemo hali yake, matibabu yake, na hata ule ukweli kwamba yuko au alikuwa katika kituo chako. Maana yake ni kwamba sauti ikiuliza kwa simu, “Fulani amelazwa hapo?” mtu wa mapokezi akajibu, “Ndiyo, lakini hajambo,” siri imekwisha kutoka. Siri hiyo hutolewa kwa ridhaa ya mgonjwa, kwa amri ya mahakama au sheria nyingine, au pale ambapo kuinyamazia kungeleta hatari kubwa kwa afya ya umma. Mwajiri anahitaji cheti kinachosema mfanyakazi hawezi kufanya kazi kwa siku kadhaa. Jina la ugonjwa si haki yake. Kuhusu virusi vya ukimwi tahadhari iwe mara mbili, kwani jambo hilo lina sheria yake ya mwaka 2006 na baraza lake maalumu la kusikiliza malalamiko.

Mume alikuja kwetu akataka nakala ya faili ya mkewe, akisema yeye ndiye anayelipa. Tumpe? — Muuguzi, Thika

Hapana. Stakabadhi ya malipo ni yake, faili ni ya mkewe. Mke akija mwenyewe, au akimtuma mumewe kwa maandishi, mpeni nakala bila kumzungusha; ombi la mtu kuiona data yake lina siku saba.

Kompyuta ndogo ya mapokezi imeibwa na ndani yake mna orodha ya wagonjwa wa miaka mitatu. Mkurugenzi anasema tunyamaze hadi polisi wamalize. Nina wasiwasi. — Karani, Nyeri

Wasiwasi wako una msingi. Saa zilianza kuhesabika tangu mlipojua kwamba kompyuta haipo, na hazisubiri polisi. Kifungu cha 43 kinawapa saa 72 kumwarifu Kamishna ikiwa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data, na orodha ya wagonjwa ina hatari hiyo kwa maumbile yake. Mkichelewa, mtatakiwa kueleza sababu za kuchelewa, na “tulikuwa tunawasubiri polisi” haitasikika vizuri. Ikiwa kumbukumbu zenu zinatunzwa na kampuni nyingine na wizi umetokea kwake, yenyewe inapaswa kuwaarifu ninyi ndani ya saa 48.

Katika taarifa yenu elezeni kilichopotea, watu wangapi wanahusika kwa makadirio, na mlichokwisha kufanya, kama vile kubadilisha nywila na kufunga akaunti zilizokuwa wazi kwenye kompyuta hiyo. Wagonjwa wenyewe nao waarifiwe kwa maandishi mapema iwezekanavyo, ili mtu akipigiwa simu na mgeni anayejua ugonjwa wake, ajue habari imetoka wapi. Anayeweza kukwepa hatua hii ya pili ni kama yule aliyeilinda data kwa usimbaji wa siri, hivi kwamba mwizi amebaki na kifaa lakini hawezi kukisoma. Muulize aliyewauzia kompyuta kama hilo lilifanywa. Kama halikufanywa, mpelekee mkurugenzi ukurasa huu, na umpelekee kwa barua pepe, ili siku na saa zionekane.

Tuko Arusha na tunapokea wagonjwa na wageni kutoka Kenya. Sheria yenu inatuhusu? — Msomaji, Arusha

Inaweza kuwahusu, kwa kuwa imeandikwa kumfikia hata asiye na ofisi Kenya ikiwa anashughulikia data ya watu walioko Kenya, kwa mfano wale wanaojaza fomu zenu za mtandaoni wakiwa bado Nairobi. Lakini msisahau ya nyumbani: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Anzeni na Tume hiyo.

Kliniki ya marehemu baba yangu ilifungwa. Chumba kizima kimejaa faili za karatasi. Jirani anayeuza njugu ameomba kuzinunua kwa kilo. Sheria ya data si ya kompyuta tu? — Mrithi, Machakos

Si ya kompyuta tu. Faili za karatasi zilizopangwa kwa utaratibu wa kutafutika nazo zimo. Na ombi la jirani yako ndilo hasa linalonifanya niandike jibu hili kwa haraka, kwa sababu sote tumewahi kununua njugu, tukamaliza, tukaikunjua karatasi na kusoma. Usimuuzie hata kilo moja.

Tenga kwanza faili za wagonjwa ambao bado wanatibiwa mahali pengine. Hao watafutwe kwa namba zilizomo ndani, waulizwe kama wanataka faili zao zipelekwe kwa daktari wao wa sasa au wazichukue wenyewe. Kisha uwaulize wasimamizi wa huduma za afya wa kaunti faili za aina gani zinatakiwa kutunzwa na kwa muda gani, upate jibu lao kwa maandishi kabla ya kuharibu chochote. Zilizobaki zikatwe vipande kwa mashine au zichomwe mbele yako hadi ziwe majivu, usimwachie kijana wa kazi akaziacha nusu zikipeperuka. Andika tarehe, idadi ya maboksi na majina ya waliokuwapo, utie sahihi, na karatasi hiyo moja uitunze.